Wala Majani wa Sebuleni

Mtu asikudanganye kwamba mla majani ni mpole. Mimi nimezaliwa na wala majani, nimelelewa nao, nimeolewa kwao, na mwenyewe sijawahi kutia mdomoni hata kichwa cha dagaa, kwa hiyo nisikilize mimi. Shangazi zangu wawili, watu wa kufunga kila Jumatatu, watu wasioweza kuua sisimizi, waligombea mwiko wa shaba mpaka mmoja akafa hawasemeshani. Na mimi je? Wapagazi wa Kariakoo walikuwa wakiniona nimefunga nywele juu ya utosi, wanaulizana, "Leo nani kamchokoza mama?" Hayo yote niliyajua. Bado nilipotaka kufuga samaki, nikajidanganya.

Tuliishi Kariakoo, ghorofani, juu ya duka letu la vyombo. Chini kulikuwa na sufuria, mabeseni, machujio na mabirika yaliyoning'inia mlangoni. Juu tulikuwa sisi: mimi, mume wangu na watoto, shemeji yangu na mke wake, na juu yetu sote, Ba. Ba ni mama kwa Kigujarati. Ndivyo tulivyomwita mama mkwe wetu, na mtaa mzima nao ukamwita hivyo hivyo. Hata Mchaga wa duka la jirani, mwanamume mwenye mvi zake, alikuwa akipita anainama kidogo, "Shikamoo Ba," naye Ba anajibu "Marahaba" bila kuacha kuchambua mchele.

Sasa nikueleze habari ya jiko, maana bila jiko hutaelewa habari ya samaki. Mimi ndiye niliyekuwa mkwe wa kwanza kuingia nyumba ile. Jiko nililikuta la Ba, taratibu likawa langu. Kopo la bizari nililijua liko wapi hata umeme ukikatika. Mkono ulikwenda wenyewe. Kisha shemeji yangu akaoa. Asubuhi ya kumleta bibi arusi naingia jikoni kuchemsha maziwa, Mtume! Ba kalipindua jiko lote. Chumvi iko palipokuwa sukari, unga umehamia kwa dengu, sufuria zimepanda juu, visahani vimeshuka chini, hata kiberiti sikukiona. Siku ile mimi na yule mgeni tulihangaika sawasawa. "Bizari iko wapi?" "Sijui, labda pale." Yeye alicheka. Mimi nilikwenda kulia bafuni.

Nililiweka jambo hilo moyoni kwa miaka. Nilijiambia, Ba ameamua kunionyesha kwamba humu ndani huna chako. Sikumwuliza, naye hakusema. Mke wa shemeji yangu hakuwa na kosa lolote, lakini nilimnunia. Mtaani walikuwa wakitutania, "Bi mkubwa na bi mdogo," kana kwamba tumeolewa na mume mmoja, nami nilikuwa sicheki.

Ndiyo maana nilitaka tangi la samaki. Nasema wazi, halikuwa pambo. Nilitaka kitu kimoja ndani ya nyumba ile kilichopangwa kwa mkono wangu, asikiguse mtu. Na bahari niliipenda tangu utotoni. Jumapili jioni wazazi wetu walikuwa wakitupeleka Oysterbay. Wakubwa wanabaki garini wanakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, mimi navua viatu nakwenda miambani, maji yakiwa yamekupwa. Nilikuwa nachungulia vidimbwini mle kwenye mawe nasahau jina langu. Wakiniita turudi, nalia.

Zamani ile nani angeota kufuga bahari? Hata sabuni ilikuwa ya foleni. Halafu ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Kariakoo ikafurika vitu mpaka watu wakawa wanatembea barabarani, maana pembeni hakukuwa na pa kukanyaga. Kila mtu akaota ndoto yake. Mwingine alitaka redio ya kaseti, mwingine deki ya video, na televisheni Bara yenyewe ilikuwa bado haijaja. Mimi nikaona pampu ndogo za hewa zimeletwa kutoka Dubai, na kioo kinene, na taa ndefu za mrija.

Nikamwambia mume wangu, "Nataka bahari."

"Bahari iko Feri, bure."

"Nataka ya ndani."

Akanitazama, akaona nywele ziko utosini. Akasema haya.

Fundi wa Ilala akatutengenezea tangi refu kuliko kochi letu, na kina chake kilinifika kifuani. Kulipandisha ngazini ilikuwa kesi. Mimi nilisimama juu natoa amri, wapagazi chini wanajibu, "Mama, tunakusikia, na Ilala nzima inakusikia." Mume wangu alihofia sakafu itatitia, tangi lishuke dukani limalizie sufuria. Tukaliweka juu ya boriti, kwenye ukuta. Maji tukayaleta kutoka Kigamboni kwa madumu, pikapu ikivuka na pantoni, safari baada ya safari. Mchaga wa jirani alisimama mlangoni kwake akauliza kwa upole, "Samahani mama, mtawanenepesha humo ndiyo muwauze Feri?"

"Nitakunenepesha wewe!" nikamjibu.

Maji yalipojaa na mawe ya matumbawe yakashuka, Ba akasogeza kiti chake, akasema neno lake kwa utaratibu, kama mtu anayepima sukari. Mnyama anayekula mnyama mwenziwe hataingia nyumba yake. Basi. Akarudi kwenye mchele.

Samaki asiyekula nyama! Nilikwenda wapi? Nilikwenda Feri, mimi niliyekuwa nikipita pale na leso puani tangu nizaliwe. Nikasimama katikati ya magamba na kelele za mnada, nikauliza kwa sauti yangu ya dukani, "Jamani, yupo samaki anayekula majani tu?"

Pakalipuka kicheko. "Mama, unataka samaki au unataka ng'ombe?" Mwingine akadakia, "Mpeni mbuzi wa baharini!" Nikaona haya, lakini kuona haya hakujawahi kunirudisha nyumbani. Nilitafuta mama mmoja anayepara samaki, nikamwambia mimi sinunui, nataka kuona matumbo tu. Alidhani nina shida ya kichwa. Akanipasulia mmoja, mwingine, mwingine: huyu ana kamba tumboni, huyu ana vidagaa. Mimi nimefumba jicho moja. Akafika kwa samaki bapa wa ngozi ngumu, akamtia kisu, na ndani kukatoka kijani kitupu, kama mchicha uliosagwa.

"Huyu ni nani?" nikapiga kelele.

"Kangaja huyo, mama. Huyu kazi yake kulamba mwani kwenye mawe."

Nilirudi nyumbani nimeshinda. Ba aliposikia habari za tumbo la kijani, akatikisa kichwa kukubali. "Basi huyu ni wa kwetu," alisema. Na hapo ndipo tulipokosea, mimi na yeye, kosa ambalo hawezi kulifanya mtu mwingine yeyote mjini hapa. Tuliona kangaja ni mla majani, tukahukumu kwamba ni mtu wa amani.

Kule Kigamboni kulikuwa na mzamiaji aliyewakamata wazima kwa wavu wa mkononi. Nikamwagiza wawili wanaofanana kabisa, maana niliwaza, wa jamii moja watapatana; nani atagombana na ndugu yake? Sijui nilikuwa nimewasahau shangazi zangu! Wakaja, jamani, wazuri mpaka machozi yakanitoka. Mwili wa buluu angavu, mgongoni mstari wa njano, uso mweusi, kidevu cheupe. Mmoja nilitangulia kumtia. Akazunguka, akalamba jiwe, akachagua pango lake. Wiki iliyofuata nikamtia wa pili.

Kangaja ana wembe. Hilo hakuna aliyeniambia pale Feri, au waliniambia kelele zikalimeza. Ni kisu kidogo kimekunjwa kila upande wa mkia, na akikasirika hukikunjua, anakupitia kwa ubavu. Yule wa kwanza alimwona mwenziwe, rangi ikamkolea, akamwendea kinyumenyume kama gari linalorudi. Nikagonga kioo, nikapiga kelele, nikatafuta chujio. Nilipolipata, mgeni alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe, amechanwa.

Nililia kwa sauti. Ba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliwaamuru watu wote wa nyumba waoge kama wametoka kwenye msiba, mpaka shemeji yangu aliyekuwa dukani akaitwa aje aoge. Kisha akanikalisha mbele yake.

"Kiumbe kimekufa chini ya paa langu kwa sababu ya starehe yako," alisema. "Akifa mwingine, maji yanarudi baharini na kioo kinarudi kwa fundi. Nimemaliza."

Ba akisema nimemaliza, hata mume wangu alikuwa hafungui mdomo. Alinishauri kwa kunong'ona, "Bakiza huyo huyo mmoja, kaa kimya, tangi lako litabaki." Shauri zuri, ningekuwa mtu mwingine. Lakini nilimtazama yule wa buluu akilinda maji yote yale peke yake, anafukuza kivuli chake kwenye kioo, nikaona hiyo si bahari, hiyo ni jela na bwana jela. Sikuwa nimepandisha bahari ngazini ili niishi na bwana jela mmoja. Nikasema, nitaongeza, na hatakufa mtu.

Sasa nitakuambia nilivyowachagua, na hapa najisifu, asiyependa ashike lake. Siku moja niko dukani napanga sufuria za seti. Mteja kanipindulia fungu, nazirudisha moja ndani ya nyingine, mbili zikagoma. Zilikuwa saizi moja. Sufuria za saizi moja haziingiliani, daima moja itakaa juu ya nyingine. Za saizi mbalimbali zinatulia zote ndani ya ile kubwa. Nikabaki nimeishika ile sufuria, mteja ananiita, simsikii. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sawa, wahenga wamesema. Ila fahali na mbuzi na bata, mbona wanakaa?

Nikavuka Kigamboni. Mzamiaji alikuwa na kizimba cha wavu kwenye maji ya magoti, amewaweka makangaja wa kila namna. Nikaikunja sari mpaka magotini, nikaingia, nikatazama midomo yao tu. Wa buluu yule wa nyumbani hukwangua mwani mfupi juu ya jiwe. Basi yeyote mwenye umbo lake na mdomo wake nilimpita, hata awe mzuri vipi. Nikamwona mmoja mwenye mapezi makubwa kama tanga, akiyafungua anakuwa mrefu kwenda juu mara mbili. Huyu ana mdomo uliochongoka, anachuma majani marefu kwenye nyufa. Nikamchukua. Nikamwona mdogo wa kahawia, si mzuri, mdomo wake mpana una meno laini kama mswaki, anafagia vumbi la mawe, hagusi chakula cha mtu. Nikamchukua. Wa mwisho alikuwa puju mchanga, nduguye kangaja huyu, mrefu, anapenda kuogelea katikati ya maji na wala hataki pango. Midomo yake ya rangi ya chungwa kama aliyejipaka kwenda arusini. Kila mmoja na umbo lake, na mlo wake, na mahali pake.

"Mama, sasa umekuwa mvuvi," mzamiaji akacheka.

"Nimekuwa mama mkwe," nikamjibu. "Nachagua wakwe."

Nilifika nyumbani mchana nikiwa na ndoo tatu na kichwa juu. Nikamtia yule mwenye tanga kwanza, maana ndiye mkubwa. Wa buluu akatoka pangoni. Hakuangalia umbo wala mdomo wala falsafa yangu ya sufuria. Aliona mgeni kaingia kwake. Akageuza mkia.

Safari hii chujio lilikuwa mkononi. Nilimchota mgeni kabla wembe haujamfika, ila pezi moja lilipata mkato mdogo. Nikamrudisha ndooni. Nilipoinua uso, Ba alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama ndoo, akatazama tangi, akanitazama mimi. Akaenda barazani kwenye mmea wake wa mrehani mtakatifu, na mimi nikajua kwamba likija lingine dogo kuliko hili, nimekwisha.

Nilikwenda jikoni kwa hasira. Nilitaka bizari, maana kwetu jeraha ni bizari, sijui kama ningempaka samaki au ningejipaka mwenyewe. Mkono ukaenda wenyewe kwenye rafu ya kushoto. Nikashika kopo, nikafungua: dengu. Miaka yote ile, mkono bado ulikuwa unakwenda kwenye jiko la zamani! Kinyongo kikanirudia palepale, kilekile. Nikaanza kumsema Ba kimoyomoyo kama kawaida: alinipindulia jiko langu, akanifanya mgeni nyumbani kwangu, siku moja na yule msichana, wote wawili hatujui hata chumvi...

Ngoja. Wote wawili hatujui hata chumvi.

Nilikaa chini, sakafuni, na kopo la dengu mapajani. Siku ile ya arusi sikuwa na nafasi ya kumwambia bibi arusi "usiguse hapo, hapo pangu," kwa sababu pangu palikuwa hapajulikani. Hatukugombana siku ile. Tulianza kugombana baadaye, tulipokwisha kujua vitu viko wapi, na hata hapo kila mtu alikuwa na rafu zake. Weee, Ba! Nilicheka peke yangu mpaka mke wa shemeji yangu akaja kuchungulia kama nimepandwa na wazimu.

"Simama," nikamwambia. "Nenda dukani, leta mabeseni. Yale makubwa. Yote."

"Yote? Bhabhi, kuna wateja."

"Wateja watasubiri. Leo tunahamisha nyumba."

Bhabhi ni mke wa kaka mkubwa, ndivyo alivyoniita siku zote, hata siku nilizomnunia. Akaenda. Tukayajaza mabeseni maji ya tangi, tukayapanga sebuleni, barazani, mpaka ngazini. Wa buluu ndiye niliyemtoa kwanza. Alinipiga mkia, chale yake ninayo mpaka leo kidoleni na ninaipenda. Halafu tukatoa mawe, moja baada ya jingine, mpaka tangi likabaki na maji tu. Nikaanza kujenga upya. Palipokuwa pango nikaweka uwanja. Palipokuwa uwanja nikainua mlima wenye nyufa. Nilipoelekea kurudisha jiwe moja mahali pake kwa mazoea, mke wa shemeji yangu akalichukua mkononi mwangu.

"Hapana, bhabhi. Hapo utamfanya akumbuke."

Nikamtazama. Alikuwa ameelewa kila kitu, na kwa sura yake niliona alielewa zamani kuliko mimi.

Tukafunga madirisha ya mbao, nikazima taa ili wasionane, tukaanza kuwatia. Mdogo wa kahawia kwanza, kisha puju, kisha mwenye tanga. Wa buluu mwisho wa wote, aingie kama mgeni wa wageni, na asiye na pango. Na wakati huohuo, papo hapo, umeme ukakatika. Mgao! Siku hizo mgao haukuwa habari, ila pampu ya hewa ikazima, na ndani ya tangi kuna roho nne zilizochoka. Wakikosa hewa watakufa bila hata kupigana. Jenereta la duka lilikuwa kwa fundi.

Mke wa shemeji yangu alikuwa tayari ameshika jagi. Anachota maji, anayainua juu, anayamwaga yarudi kwa povu, yaingie hewa. Nikashika la kwangu. Tukasimama juu ya viti, yeye huku mimi kule, tunachota tunamwaga, tunachota tunamwaga, sari zimelowa, mabega yanawaka moto, na kwenye giza hatuoni kama wanapigana au wanalala. Tulianza kuzungumza, maana ilibidi. Aliniambia siku ile ya jikoni alikuja akiwa na hofu tele, akaniona mimi mwenye nyumba natafuta kiberiti, akacheka kwa nafuu. "Nilisema, kumbe hata yeye hajui." Na mimi nilidhani ananicheka! Nikamwambia. Tukacheka wote, tukachota, tukamwaga.

Halafu nikasikia maji ya mtu wa tatu. Ba alikuwa amesogeza kiti chake, amepanda juu kwa umri wake ule, anamwaga kwa kijagi chake kidogo cha shaba, kilekile alichokuwa akimwagilia mrehani wake kila asubuhi na ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Tulimwaga hivyo, wanawake watatu, mpaka umeme ukarudi na pampu ikakohoa ikaanza kazi.

Nikawasha taa. Jamani! Wa buluu alikuwa anazunguka kwenye mlima mpya, anachungulia nyufa moja moja, kama mpangaji aliyepewa chumba asichokijua. Mwenye tanga akampita ubavuni. Wote wawili wakafungua mapezi. Wa buluu akasita, akaangalia nyuma kutafuta pango la kulinda, pango hakuna. Akakunja mapezi, akashuka kulamba jiwe. Mwenye tanga naye akapanda juu kwenye nyufa zake. Mdogo wa kahawia alikuwa ameshaanza kufagia, na puju alikwenda na kurudi katikati ya maji, mdomo umepakwa rangi, hana habari na mtu.

"Hakuna aliyekufa!" nikapiga yowe. Mchaga wa jirani alilisikia kutoka chini, akapanda mbio akidhani ni wezi. Akawakuta wanawake watatu waliolowa chapachapa, wamekumbatiana juu ya viti.

Waligombana baadaye? Kidogo, ndiyo. Mkia huku, mkia kule, kila asubuhi kutambiana. Ila kila mmoja alikuwa ameshapata rafu yake, na wembe haukukunjuliwa tena. Mimi nilifunga fungu la mchicha kwenye jiwe, wakaja wote wanne, vichwa pamoja, wakala. Tangi likabaki. Jioni watu walikuwa wakipanda ngazi kuja kutazama, watoto wa mtaa, wapagazi, wateja waliosahau sufuria waliyoijia, na Ba ndiye aliyekuwa akiwaelekeza, kidole juu: "Hawa wote wala majani. Lakini msiwachezee." Alikuwa akisema "tangi letu." Nami, nilipomsikia, sikuona kwamba nimenyang'anywa.

Siku moja tuko wawili tunawapa mchicha. Nikasema, "Ba, siku ile ulilipindua jiko kwa makusudi."

Alichambua majani mpaka akamaliza. "Mimi nilipoingia kwa wakwe zangu," alisema, "wake wa mashemeji watatu walikuwa wamenitangulia, na hakuna aliyenihamishia hata kijiko. Mwaka mzima nilikuwa napigwa mkono kila nikigusa kopo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuwa umejua viko wapi, na yeye hajui."

Ba hayupo tena. Samaki wale nao walizeeka, wakafuatiwa na wengine, na kila akija mgeni tulitoa mawe yote. Na mwaka mwanangu alipooa, asubuhi ya kumleta bibi arusi, nilimpa mke wa shemeji yangu ufunguo wa jiko. Nikamwambia, "Panga wewe, unavyotaka, mimi nisione." Nikashuka dukani, nikakaa na wateja mpaka aliponiita. Bibi arusi alipofika, akanisalimia, akaniuliza kwa haya sukari iko wapi, anitengenezee chai. Nikamwambia sijui, mwanangu, twende tukaitafute.